Kuazima Kaburi

Kijicho nakijua. Nimewahi kuwaonea watu kijicho kwa nyumba, kwa waume, hata kwa nywele. Kumwonea mtu kijicho kwa kaburi, hilo sikulitarajia, tena kaburi la Kiyahudi huku London mashariki, kwenye uwanja mkongwe ambao siku hizi hazikwi mtu.

Nilikuwa nimerudi masomoni ukubwani, nasomea akiolojia, na mafunzo yetu ya kwanza ya nje yalikuwa hayo: wawili wawili, tupime kila jiwe, tulipige picha, tuandike lililochongwa. Niliyepangwa naye alikuwa kijana wa Kiingereza, mpole, umri wa mwanangu. Yeye alishika kioo akilirushia jiwe mwanga wa jua kwa upande, ili herufi zilizolika zipate kivuli zisomeke. Alisoma, mimi nikaandika.

Kaburi letu la kwanza nililifagia lote kabla ya picha, kama tunavyofanya kwetu tukienda kuzuru, nikatupa na vijiwe vilivyopangwa juu yake. Mwalimu akaja mbio. Zile si taka, alisema, kila kijiwe kimewekwa na mtu aliyekuja kumtazama marehemu wake. Nikavirudisha huku nimenuna. Sikununa kwa kukosolewa. Nilinuna kwa kuwa wale watu wana wa kuwajia, na wana pa kujiwa.

Maana babu yangu, baba yake mama, alichukuliwa nyumbani Unguja mama akiwa msichana, hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kalazwa wapi. Mama kazeekea Ilford, hukuhuku London, na jambo moja tu analolitaka: asimame mbele ya kaburi la baba yake amsomee. Nadhani hata akiolojia niliichagua kwa ajili hiyo.

Siku moja kioo kilipomulika jiwe lililoinama, kijana aliacha kusoma katikati ya mstari. Lilikuwa jina la bibi mzaa bibi yake, na la mumewe, na mtaa waliokaa. Wala hakuwa akimtafuta! Alikuja kutafuta maksi, kama sisi sote. Akampigia simu mama yake, wakalia wote wawili, kisha akaokota kijiwe akakiweka. Nilimpa hongera, nikajidai kwenda kupima jiwe jingine, moyo unaniwaka. Mtafutaji hapati, asiyetafuta anajikwaa nalo! Mungu anisamehe, nilitamani jina lile lingekuwa limefutika kabisa.

Jioni nikamsimulia mama, kwa hasira, nikitaraji tuone kijicho pamoja.

"Kijana kalia?" aliniuliza.

"Kalia sana."

"Hapohapo, mbele ya kaburi?"

"Hapohapo."

Akapukuta makombo ya mkate kwenye kanga yake. "Basi na mimi nipeleke."

"Mama, si kaburi letu lile. Wala si Waislamu."

"Najua. Sendi kumsomea mtu. Nataka kukaa tu mbele ya kaburi nilie, mwanangu. Kila nikitaka kulia sijui nielekee wapi."

Asubuhi nilimkuta kijana keshafika, anafuta kioo. Nilisimama mbele yake, mtu mzima mimi, nikitafuta maneno ya Kiingereza ya kumwomba aniazime kaburi la bibi yake.