Mti Wenye Mzinga

Kwetu Sikonge mti wenye mzinga haukatwi. Hata mwenye mzinga awe amehama au amekufa, unaupita ukatafute mwingine. Nililijua hilo tangu nabebwa mgongoni, na bado niliukata.

Ilikuwa siku ya nne ya kukausha tumbaku. Bani langu, kile kijumba cha udongo tunachokaushia majani, lilikuwa limejaa hadi juu. Moto ukizimika kabla vikonyo havijakauka, jani lote linaharibika, na mwaka mzima umekwenda bure. Kuni zilizobaki zilikuwa za kufika jioni tu. Miti ya karibu tulishaimaliza sisi wenyewe wakulima. Nikauendea mti mmoja wa mtundu uliobaki, juu yake umetundikwa mzinga wa kaka yangu, wa gome la mti. Sikuona nyuki akiingia wala kutoka, nikajiambia wamehama.

Mti ulipoanguka, mzinga ulipasuka. Nyuki walikuwemo. Walinivamia usoni, shingoni, mpaka ndani ya mdomo. Nilikimbia nikijipiga makofi kama kichaa. Walipotulia nilirudi nikaukata mti magogo, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nilipomaliza nikamkuta kaka amesimama juu ya masega yaliyopondeka.

"Umekata mti wenye mzinga," alisema. "Wewe, mtoto wa mama yangu!"

"Na gome la huo mzinga ulilichuna wapi? Si uliua mti na wewe?"

Alinizaba kofi nikaanguka. Akanipiga teke la mbavu, na jingine. Kisha akaanza kuyaburuta magogo yangu kuyatupa korongoni, akiapa hakuna hata moja litakaloingia bani. Hapo nikapandwa na hasira. Niliokota shoka, nikaligeuza upande butu, nikampiga mkononi kwa nguvu zangu zote. Mfupa niliusikia.

Alilia, akaniomba nimfunge mkono. Nilimwacha pale chini. Nilibeba gogo la kwanza kichwani, nikarudia la pili, la tatu, nikimpita kila safari bila kumtazama. Jirani ndiye aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali. Walipita mbele ya bani, nami nachochea moto.

Tumbaku ilitoka ya njano safi, rangi ya bei nzuri. Mkono wa kaka haukunyooka tena, na mtu wa mkono mmoja hapandi miti kutundika mizinga. Najuta, Mungu anajua. Lakini siku nilipofungua mlango wa bani nikaiona rangi ile, nilifurahi.