Kwale wa Ulaya pale Ruponda

Miaka ya tisini nilikuwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, wilayani Nachingwea, na wilaya yenyewe nilikuwa nimeichoka hadi kooni. Mke wangu, mwalimu, alibaki Bukoba na watoto. Niliomba uhamisho, nikaomba tena, nikaambiwa nisubiri. Masika barabara ilikatika, mto Rufiji haukuwa na daraja, na mwanangu wa mwisho alijifunza kutembea baba yake akiwa huku anasikiliza mvua juu ya bati. Watu walisema nimepangiwa kazi Kusini. Mimi nilisema nimefungwa.

Kisha akaja mwekezaji wa uwindaji, ameleta mayai ya ndege. Alitaka msitu wa jirani na kijiji cha Ruponda ujae kwale wa Ulaya, wale ambao dume ana mkia mrefu na shingo ya kijani, ili wageni wake waje kuwapiga. Mkuu wangu wa kazi akaniita.

"Walee hao ndege. Wageni wakiwinda wakaondoka wameridhika, uhamisho wako nautia saini."

Nilitoka ofisini nusu yangu imeshafika Bukoba.

Nikahamia Ruponda. Mashine ya kutotolea hatukuwa nayo, basi nikafanya kama watu wa huku wanavyofanya na mayai ya kanga: nikayatia chini ya kuku wa mama jirani waliokuwa wanaatamia. Yakaanguliwa vizuri mno. Vifaranga wakamfuata kuku, wakala chenga za mahindi, jioni wakaingia bandani kwa adabu. Walipokua nikawaachia msituni. Magharibi wakarudi kwa miguu, wamepanga foleni.

Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana Nyama, kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Wako hawa wamejifunga wenyewe."

Sikucheka. Siku ya wageni ilikuwa imekaribia.

Asubuhi ile niliwabeba kwenye matenga, nikawamwaga vichakani. Wageni wakajipanga na bunduki, mkuu wangu nyuma yao. Nikapiga vichaka kwa fimbo, nikapiga makelele. Kwale wakatoka mbio, si kwa kuruka, wakaenda moja kwa moja kwenye viatu vya wageni na kusimama pale wakisubiri chenga. Mgeni mmoja akashusha bunduki, akacheka. Mkuu wangu hakucheka. Alinitazama, nami nikaona kabisa jinsi Bukoba inavyoondoka.

Nikawakusanya kwa chenga, nikawarudisha kwenye matenga, nikayaburuta hadi nyuma ya kichaka kinene. Nikaanza kuwarusha juu kwa mikono. Ndege aliyerushwa hana hiari, atapiga mabawa tu. Bunduki zikalia. Marisau, zile risasi ndogondogo, yakanyesha kwenye majani juu ya kichwa changu. Kila niliyemshika nilisikia moyo wake unavyodunda kiganjani, na hakunidonoa, maana alinizoea. Niliwahurumia sana. Niliwarusha wote.

Wageni walifurahi, wakapiga picha, wakaahidi kurudi kila mwaka.

Jioni nikaenda kwa mkuu nimevaa shati safi. Alinipa kiti, akanipa na soda.

"Umefanya kazi kubwa. Kubwa sana."

"Asante, mkuu. Na ule uhamisho?"

Akanishangaa, tena kwa upole kabisa.

"Sasa wewe ukiondoka, hao kwale atawarusha nani?"

Soda nilishindwa kuimaliza. Wiki iliyofuata mwekezaji akaleta mayai mengine, nami nikazunguka kijijini kutafuta kuku wanaoatamia.