Ubao Wenye Alama za Meno

Kijijini kwetu msituni watawa huwaita watu ibadani kwa kugonga ubao. Mtawa hulizunguka kanisa ubao ukiwa begani na nyundo ya mti mkononi, na sauti hushuka bondeni mpaka kwa wanaofyeka nyasi upande wa pili. Kwa miaka arobaini mbao hizo zimechongwa na jirani yangu, seremala Ilarie.

Mwaka huu ubao ulipasuka wiki tatu kabla ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, na Ilarie alikuwa na siri: hasikii tena. Mkewe Safta alijua. Mimi pia nilijua, kwa kuwa nilimsalimu mara tatu akanijibu habari za miti yake ya matunda, plamu zake. Watawa ndio hawakujua. Mama Evlampia, mkuu wao, alikwisha kutaja karakana moja ya mjini yenye mashine, na Ilarie aliapa kwamba ubao wa mashine utaingia pale yeye akiwa kaburini.

Darini alikuwa na mbao mbili zilizokauka miaka kumi. Kazi yote iko kwenye randa, kuupunguza ubao unene: ukizidisha, sauti inakufa. Zamani alikuwa akiranda kidogo, anagonga, anatega sikio. Ubao wa kwanza aliuranda kwa kukisia. Safta akaugonga, akatikisa kichwa: ulilia kama sufuria ya ugali.

Siku mbili Ilarie hakugusa chakula. Siku ya tatu aliuweka ubao wa mwisho mezani, akainama, akauma ukingo wake kwa meno, akamwashiria mkewe agonge. Macho yakamtoka.

"Unaimba," alisema.

"Miaka hamsini naongea na masikio yako," Safta alimpigia kelele usoni, "kumbe ningeongea na meno."

Ilarie akaranda, akauma, akaranda tena, mpaka aliporidhika, akaweka randa chini mwenyewe.

Mama Evlampia alipoupokea, kidole chake kilisimama kwenye alama za meno ukingoni.

"Mzee Ilarie, kwako kuna panya?"

"Mmoja tu, Mama," Safta alijibu haraka. "Naye amezeeka."

Mama Evlampia alimtazama mzee, akatabasamu, akautia ubao kwapani.

Jioni ya mkesha wa sikukuu nilikaa na Ilarie kwenye benchi la uani, bakuli la plamu katikati yetu. Ubao ulianza kugongwa. Nilitaka kumwambia kwamba unalia, akanizuia kwa mkono. Alikuwa akimtazama Toader, mfyeka nyasi ng'ambo ya bonde, kwa mbali kijitu kidogo chenye fyekeo, ambaye tangu ubao upasuke alikuwa akichelewa kila ibada.

Toader akasimama. Akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akatia fyekeo begani, akaanza kushuka.

Ilarie akachagua plamu iliyoiva kuliko zote, akanipa mimi.