Seli Zilizolishwa Jumamosi

Pale maabara wote tulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kazi yake ilikuwa kulea seli. Miaka ishirini na miwili, kila asubuhi alivaa glavu, akafungua kabati la joto, akatoa visahani na kuvitazama kwa hadubini. "Mmeamkaje, wanangu?" Mimi naosha chupa nyuma ya kioo, na mdomo wangu hauna breki, basi humwuliza kama wamemjibu.

"Wamejibu. Wanauliza wewe umeoga?"

Seli hizo zilitoka kwenye kuta za mishipa ya damu. Ni misuli laini, kazi yake kukaza mshipa na kuulegeza. Lakini zina tabia ambayo Daktari, bosi wetu, alinieleza mara tatu ndipo ikaniingia. Mshipa ukijeruhiwa, seli hizi huacha kukaza, zikaanza kuzaana na kufuma nyuzi za kuziba jeraha. Jeraha likipona, nyingi hurudi kwenye kazi yake ya zamani. Sasa ukizipa seramu, yaani maji ya damu ya ndama, hudhani kuna jeraha. Zinajaa kisahani, kukaza zinasahau. Ukitaka zikumbuke, unazinyima seramu siku tatu.

Njaa hiyo Shangazi hakuipenda hata kidogo.

Daktari alikuwa na dawa ya kulegeza mishipa, ameihangaikia miaka minne. Visahani vitakavyotiwa dawa vilikaa kabatini kwa Shangazi. Vya kulinganishia, visivyotiwa dawa, vilikuwa chumba cha pili, ambacho wikiendi hufungwa. Ijumaa vyote vikaanza kunyimwa seramu, na Daktari akaagiza, "Shangazi, visiguswe mpaka Jumatatu. Nakujua wewe."

"Haya, mwanangu."

Jumamosi huyo akaja. Nilikuwepo, namalizia chupa za wiki. Alifungua kabati, akatikisa kichwa. "Kiumbe hakai siku tatu na njaa mimi nikiwa hai," akasema, akadondosha seramu kidogo katika kila kisahani. Nilicheka. Nilimwambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, naye akanifyonya.

Jumatatu visahani vya kabati lake vikatiwa dawa, kisha vyote vikatiwa kemikali ya kuziamrisha seli zikaze. Za chumba cha pili zilikaza, utando uliozibeba ukasinyaa. Zenye dawa, kimya. Daktari alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Akamkumbatia Shangazi, akamzungusha. Alhamisi angesimama mbele ya wakubwa, na wakiridhika, dawa ingeanza safari ya kwenda kwa wagonjwa.

Watu walipotoka kwenda kula, Shangazi aliniita. "Njoo uone."

Niliinama kwenye hadubini. Seli za chumba cha pili zilikuwa nyembamba, zimelala upande mmoja. Zake zilikuwa pana, zimebanana, nyingine zinagawanyika palepale.

"Dawa haijafanya kitu hapa," alisema. "Hizi hazikurudi kazini tangu mwanzo. Nimezishibisha mimi."

Nilimwambia anyamaze. Naam, nilisema mimi, wala sijivunii. Imebaki miezi miwili ustaafu, nikamwambia, nani atajua? Jumanne akanyamaza. Jumatano akanyamaza, hata wanawe hakuwasalimia. Nilimkasirikia kwa kukonda vile mbele yangu.

Alhamisi Daktari alikuwa anapanga karatasi zake Shangazi aliposimama mlangoni.

"Mwanangu, Jumamosi niliwalisha."

Daktari alianza kucheka, kisha akaacha. "Wote?"

"Wa kabati langu. Kule kulifungwa."

Daktari alikaa chini taratibu. "Na Jumatatu hukuniambia?"

"Uliponikumbatia nilishindwa."

Mkutano ukafutwa. Jaribio likarudiwa mara tatu, na safari hii njaa ilikuwa njaa kweli. Seli zikakaza, zenye dawa na zisizo na dawa, sawasawa. Miaka minne ikaisha hivyo. Daktari alilia chooni. Nilimsikia, kwa sababu ukuta wa choo ndio ukuta wa chumba changu cha kuoshea. Aliandika majibu yale kama yalivyo, akayapeleka, akaanza dawa nyingine.

Shangazi hakufukuzwa. Siku ya kumuaga alipostaafu, Daktari alisoma hotuba fupi, akasema kuna wagonjwa wasiomjua ambao wamenusurika na dawa isiyofaa kwa ajili ya ukweli wake. Tulipiga makofi. Lakini alisoma yote macho yakiwa kwenye karatasi, na alipomaliza akatoka.

Nilimbebea Shangazi mkoba mpaka getini. Nilitafuta mzaha wa kumwambia, nikaukosa.

"Ningemwambia Jumatatu ileile, angenisamehe," alisema. "Zile siku mbili ndizo zinazomuuma."

Hakunilaumu. Alichukua mkoba wake, akaniaga vizuri, akaenda. Mimi nilibaki pale getini, kwa sababu zile siku mbili nilimpa mimi.