Mama Mdogo wa Mwandishi

Kila mwaka, kabla ya sherehe ya kufungua masomo, mimi ndiye ninayeandika orodha ya mafanikio ya walimu wa chuo chetu. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nafundisha Kifaransa, na pia kwa sababu wenzangu wanaamini mwanamke asistenti, mwalimu wa cheo cha chini, akikaa bila karatasi ya mtu mwingine mkononi ataugua. Nimezaliwa nyuma ya kaunta. Baba alitoka Butembo na lori la chumvi na sabuni, akafungua duka Masisi, na kitu cha kwanza alichotufundisha ni kusoma maandishi ya katoni, kisha kuifungua tuone kilichomo. Nimekuwa nikifanya hivyo na orodha ya walimu kwa miaka sita. Katoni nyingi zina hewa.

Mwenzetu mmoja alikwenda Goma siku mbili kusikiliza semina, akala, akapigwa picha, akarudi na cheti cha kuhudhuria. Alinitaka niandike kwamba ameshiriki mkutano wa kimataifa, kwa kuwa jirani yake mezani alitoka Bujumbura. Niliandika. Mwingine alichukua silabasi yake ya zamani, noti za somo zile zile alizotusomea sisi tukiwa wanafunzi, akaibana kwa pini tatu, akachora ng'ombe kwenye jalada, akasema ni kitabu. Nacho nikakiandika. Siku ya sherehe mkurugenzi anavaa joho na kusoma orodha nzima, sisi tunapiga makofi, halafu tunakunywa soda. Nawadharau, na sioni kwa nini nilifiche hilo.

Ila kuna mmoja ambaye dharau ya kawaida haimtoshi. Ni mtu wa milimani, wa familia ya wafugaji, aliyekuzwa kwa maziwa, Mkristo wa viti vya mbele. Viatu vyake havijawahi kuona tope, na huku kwetu hilo linahitaji juhudi. Alikuwa asistenti kama mimi. Siku moja aliniletea makala aliyotaka kuchapisha.

"Mama assistante, uniangalilie Kifaransa. Ma virgule tu. Mambo ya sayansi, achana nayo."

Makala ilihusu majani ya msituni ambayo wanawake wa Itebero, kule Walikale, huyachuma na kuyapika: yapi huliwa mabichi, yapi huchemshwa mara mbili na maji ya kwanza yakamwagwa, yapi hupewa mama aliyejifungua. Ilikuwa makala nzuri. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana najua anavyoandika. Mwishoni, kwenye orodha ya watu waliohojiwa, nilikuta maneno haya: mama mdogo wa mwandishi, mkulima, Itebero. Nilicheka kidogo. Nikajiambia labda hata wafugaji wa milimani wana ndugu aliyeolewa msituni. Nikarekebisha nukta na mikato, nikamrudishia. Jarida moja likaichapa, naye kwa makala hiyo akapandishwa cheo, akawa chef de travaux, ngazi moja juu yangu. Nikaiweka namba moja kwenye orodha yangu, kwa mkono huu huu.

Kisha zikafika siku za wanafunzi kutetea kazi zao za mwisho mbele ya jury ya walimu watatu. Zilikuwa zimecheleweshwa karibu mwaka mzima. Vita vilikaa barabarani, chuo kikafungwa, na baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa wakilala kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Mimi nilikuwa karani wa kikao. Aliingia msichana wa Walikale, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, kazi yake ameikumbatia kifuani. Msimamizi wake alikuwa huyo huyo chef de travaux, ambaye alikuwa na nakala ya kazi hiyo tangu kabla chuo hakijafungwa.

Msichana hakumaliza hata ukurasa wa kwanza. Mwalimu mmoja wa jury, mtu anayefurahia kumkamata mwanafunzi kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyofurahia kuona mzigo, aliinua jarida juu.

"Dada, hii kazi uliikopia. Iko yote mu article ya Chef wako, ata ma tableau ya majina ya majani."

Rais wa jury akasema kama ni hivyo kazi itatupwa, na msichana ataanza nyingine mwakani. Kila aliyekuwa chumbani alijua maana yake. Njia ya Itebero ilikuwa haipitiki tena, na watu wa kwao walikuwa wametawanyika. Akitoka bila diploma siku ile, masomo yake yalikuwa yameisha.

Nilimtazama msimamizi wake. Alitakiwa kusema sentensi moja tu. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaangalia dirisha. Nimewahi kumwona mtu machimboni Rubaya akikamatwa na kiroba cha mawe ya madini ambacho si chake. Angalau alijaribu kukimbia. Huyu alikaa, tena alikaa vizuri.

Nikaifungua kazi ya msichana ukurasa wa mwisho. Mama mdogo wa mwandishi, mkulima, Itebero. Maneno yale yale, mahali pale pale. Mtu alikuwa amenakili hadi ukoo. Masikio yaliniwaka kwa aibu, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yamepita mikononi mwangu, nami nikacheka nikaendelea na mikato. Karani wa kikao haulizi maswali. Niliuliza.

"Papa Président, unipe ruhusa. Hapa mu article, Chef anasema aliongea na mama yake mudogo wa Itebero. Njo nauliza Chef: uyo mama mudogo iko wa upande gani wa kwenu?"

Nyuma ya chumba mtu alikohoa. Chef de travaux alijibu kwamba hiyo ni namna ya kuandika, kwamba katika sayansi mtafiti na jamii wanakuwa ndugu. Niliyaingiza maneno hayo kwenye ripoti jinsi alivyoyatamka, na bado yamo.

Msichana alisema polepole, bila kumwangalia mtu.

"Ni mama yangu mudogo. Alikataa niandike jina yake, ju aliogopa ma liste ya majina, zile watu wa bunduki wanashika. Njo niliandika vile. Tulitembea siku ine mu pori, yeye mbele, mimi nyuma na kaye ya kuandikia. Alikufa wakati wa kukimbia, tukamuzika kando ya njia. Kama iko mama mudogo wa Chef pia, mbona sikumuona ku matanga?"

Rais alilifunga jarida, akamwambia aendelee, na msichana akasoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile. Alipita, tena vizuri.

Msinisifu. Nilikwenda kwa mkurugenzi kumwomba tuiondoe makala ile kwenye orodha. Aliniambia karatasi za cheo zimeshafika Kinshasa na tusiaibishe chuo. Sherehe ikafanyika, joho likavaliwa, makala ikasomwa namba moja. Mikono yangu niliiweka mapajani wakati wa makofi, na huo ndio ujasiri wangu wote. Soda niliinywa.

Msichana alipokuja kuchukua diploma yake, aliniomba kitu kimoja.

"Mama, wanaweza kumutoa mule mu article?"

"Chef?"

"Hapana. Mama mudogo."

Nilimwambia jarida likishachapwa halirudi nyuma. Akaitikia kwa kichwa, akaiingiza bahasha ya diploma ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaenda. Nakala moja iko maktabani kwetu, rafu ya juu. Marehemu hana jina mle, kama alivyotaka. Ameandikwa kuwa mama mdogo wa mwandishi, na mwandishi ni mtu asiyejua hata alipozikwa.