Mbeba Ngao Asiyetoka Kambini

Majirani wanakosea: kifunguamimba wa yule mjane hajarukwa na akili. Anacheza mchezo wa kompyuta, basi. Akitoka kazini huketi akawapanga wenzake wa safari ya mchezoni, mpiga mishale kando, mganga nyuma. Huwavika deraya mmoja mmoja, taratibu, akinong'ona, "Haya jamani, tusiaibishane." Nafasi ya mbele, ya mbeba ngao, huiacha wazi, na kila mara joka huwatimua mbio. Mbeba ngao yupo, ameketi kambini penye moto. Amempa jina la marehemu baba yake.

"Mwanangu, si umchukue mzee awakinge?" mama yake alimuuliza siku moja.

"Humu anayekufa harudi, mama."

Mama akafunga dirisha la upande wa majirani. Mengine hayawahusu.