Noti ya Mfalme Siku ya Mazishi

Watu wengine hukusanya stempu. Mimi hukusanya noti za enzi ya mkoloni, na nakubali ni ugonjwa. Mke wangu huziita takataka zilizovalishwa plastiki. Nyumbani kwetu hapa mjini Kakamega nina ya shilingi tano na ya shilingi kumi, zote zimechakaa vibaya. Niliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya ishirini, ya samawati, yenye uso wa mfalme mbele na simba nyuma. Ilikuwa kijijini kwetu Malinya, ndani ya Biblia ya babu yangu. Alilipwa nayo ujanani, alipokuwa akiwachimbia Wazungu dhahabu, na haikuwahi kukunjwa hata kidogo.

Kila nikienda kumsalimu nilimwomba. "Ngoja," alinijibu, "bado niko na kazi nayo." Kazi gani, na hakuna duka ambalo lingeipokea? Nikangoja miaka.

Mwaka jana babu alifariki. Siku ya mazishi nilifika na bahasha ya plastiki mfukoni, maana nilijua nyanya hana haja na noti ile. Boma lilikuwa limejaa. Mafahali walikuwa wameletwa kumuaga mzee, na ngoma za isukuti zilikuwa zinarindima. Watu walikuwa wakiwatuza wapigaji kwa kuwabandika noti kwenye paji la uso, hamsini hapa, mia pale.

Mara nyanya akatoka nyumbani akicheza, na mkononi ana ile ya samawati. Akailamba. Akailamba! Kisha akambandika nayo mpigaji ngoma, kwenye paji linalotiririka jasho.

Nusura nizimie. Mpigaji akatikisa kichwa, noti ikateleza hadi kwenye matope, na miguu ya wachezaji ikapita juu yake. Nikajitupa chini na suti yangu, nikatambaa kwa magoti huku machozi yakinitoka. Mwanamume mzima!

Wanawake wawili wakanishika mabega. "Wacheni alie," mmoja akasema kwa huruma. "Huyu alikuwa anapendanga mzee sana."

Niliipata. Simba hakuwa na kichwa, na mfalme alikuwa udongo mtupu. Nyanya akanivuta pembeni, bado anahema.

"Nyanya, umefanya nini? Si babu alikuwa ananiwekea mimi?"

Akanikodolea macho. Nadhani alishtuka kuliko mimi.

"Wewe? Mzee aliwekanga hii pesa ya siku ya leo. Aliniambia, 'Siku yangu wapigaji wasituzwe na pesa ya watu peke yake. Watuzwe na jasho langu pia.'"

Akaichukua mkononi mwangu, akaipangusa matope kwa leso yake, akarudi nayo kumtafuta mpigaji.